Chupa ya Kampala, Barabara ya Kitshanga

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa miaka mitano. Mataya yalikuwa yamevimba pande zote, meno yamelegea, na kisu hakikuwa na la kufanya. Baadaye kidogo Burkitt akamkuta mwingine Jinja, uvimbe uleule. Alitangaza ugonjwa huo, saratani ya watoto, mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakasafiri kilomita 16,000 wakiuliza hospitali kwa hospitali unapatikana wapi. Mwaka 1967 Mulago ikafungua kituo cha kuutibu kwa dawa, nacho kikazaa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Watoto wengine wakaanza kupona. Na wasiopona je?

Mwaka huohuo, jijini London, Cicely Saunders alifungua St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona. Alifundisha kwamba morfini, dawa kali ya maumivu, hutolewa kwa saa zilizopangwa, kabla maumivu hayajarudi, si mgonjwa akishalia. Tiba hiyo, tuiitayo tiba shufaa, iliingia Zimbabwe 1979, Nairobi 1990, na Kampala 1993, Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda.

Hapo kazi ikawa ya jikoni: unga wa morfini, maji, kihifadhi kidogo, na rangi ili nguvu zisichanganywe, ya kijani ndiyo hafifu. Muuguzi humpima mtoto uzito, huvuta dozi kwa bomba lisilo na sindano, humdondoshea shavuni kila baada ya saa nne. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea kazi hii kuandika morfini, maana vijijini daktari ni wa kutafutwa.

Sasa vuka mpaka, uende Masisi, mashariki mwa Kongo. Mji wa Kitshanga uliungua katika mapigano ya 2013. Kambi ya Mungote ilijaa waliokimbia vijiji vyao. Januari 2023 waasi wa M23 wakauteka mji huo, na waliokuwa wamekimbilia huko wakakimbia tena. Mama hufunga godoro, hubeba sufuria, humfunga mtoto mgongoni. Mtoto mwenye saratani hufungwa vilevile, na kila hatua humtikisa uvimbe.

Na dawa ya kumtuliza? Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilihesabu dawa za jamii ya morfini zinazogawiwa duniani kwa mwaka: karibu tani 299. Nchi maskini kabisa zilipata kilo 100 hivi.

Wengi husema suluhisho ni kumpeleka mgonjwa Goma, jiji kuu la mkoa. Kwa tiba ya saratani, sawa. Kwa maumivu, hapana. Dozi moja hudumu saa nne. Barabara ya kwenda huko kupitia Sake, vita vikiikata, haifunguki kwa saa nne. Morfini ya kunywa haihitaji umeme wala jokofu. Inahitaji kabati lenye kufuli katika kituo cha afya, na muuguzi mwenye ufunguo na ruhusa ya kuandika. Mtoto akihama, chupa ihame naye, mgongoni mwa mama.