Ufagio wa Hiari na Ufagio wa Amri



Tukiwafundisha watoto wa madrasa habari za twahara, huwa tunaanza na mwili, tunakwenda kwenye nguo, tunafika mahali pa kuswalia, kisha tunafunga kitabu. Uchafu ulioko nje ya ukuta wa msikiti, sokoni na kando ya barabara, tunauacha uwe shauri la serikali. Safari hii tumeona tuandike kidogo historia ya jambo hilo. Katika nchi yetu na kwa majirani zetu, ni nani hasa aliyekuwa akisafisha miji? Na kwa nini mahali pengine watu walishika ufagio kwa moyo mkunjufu, na pengine wakaukimbia kama mtu anayekimbia kiboko?

Tuanze na hapa kwetu. Serikali ya Idi Amin ilianguka Aprili 1979, na baada ya mapigano ya Oktoba 1980 watu wengi mno wa West Nile walivuka mpaka kwenda Sudan na Zaire, kama ilivyoitwa Kongo wakati ule. Kutoka Koboko mipaka yote miwili iko karibu, na wengi walikwenda kwa miguu, mtoto mgongoni na mkeka kichwani. Walikaa huko miaka mitano, sita, wengine zaidi. Walipoanza kurudi kwa wingi katikati ya miaka ya 1980, miji waliyoiacha haikuwepo. Palikuwa na kuta zilizoungua, nyumba zisizo na mabati, na nyasi zilizompita mtu urefu. Hapakuwa na bwana afya wa kuwaamrisha, wala hazina ya kumlipa mfagiaji. Walifyeka wenyewe. Wazee husimulia kwamba kazi ilianza na njia ya kwenda kisimani, kwa sababu bila maji hakuna kupika wala kutawadha, ndipo ikafuata njia ya soko na uwanja wa nyumba ya ibada. Hawakulipwa, wala hawakusimamiwa na mtu mwenye fimbo.

Hilo tunaliita ufagio wa hiari. Sasa tuutazame ule wa pili.

Waganda wana jina la zamani la kazi ya pamoja kwa ajili ya nchi: bulungi bwansi, yaani uzuri wa nchi, au tuseme manufaa ya nchi. Watu walitoka kulima barabara, kusafisha visima na kujenga madaraja ya mafunjo juu ya vinamasi. John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1862, alistaajabu kuona barabara pana zilizotunzwa katika nchi ambayo haikuwa na gari hata moja. Ngoma ndiyo iliyowaita watu, na mpaka leo mdundo wake unajulikana: Ssaagala agalamidde, kwamba hatakiwi mtu aliyelala. Lakini tusiipambe kupita kiasi. Nyuma ya ngoma alikuwepo chifu, na asiyetoka alijua yatakayompata. Hata hivyo mtu alifyeka barabara anayoipita mwenyewe, akasafisha kisima anachokinywa mwenyewe, akarudi nyumbani jioni.

Mambo yalibadilika Waingereza walipoiandika kazi hiyo katika sheria. Mkataba wa Uganda wa mwaka 1900 uliwapa machifu haki ya kudai mtu mmoja kwa kila nyumba tatu aende kutengeneza barabara, kwa muda usiozidi mwezi mmoja kwa mwaka. Kazi hiyo ikaitwa luwalo. Mwaka 1909 ikaongezwa nyingine iitwayo kasanvu, ya kuwafanyia kazi wakoloni kwa ujira mdogo, ambayo ilichukiwa hata ikabidi ifutwe mwaka 1922. Vijana wa leo wakisikia babu zao walikuwa hawapendi kazi ya barabara, wasidhani ni uvivu. Kazi ile ile, jembe lile lile, lakini sasa mwenye barabara alikuwa mtu mwingine.

Sisi wa upande huu tuliingia Uganda kwa kuchelewa. West Nile ilihamishwa kutoka Sudan mwaka 1914, na mwaka huo huo Arua ikaanzishwa kuwa makao ya wilaya. Kwa miaka mingi tulijulikana kama watu wa kuajiriwa jeshini au katika mashamba ya miwa na pamba ya wengine. Na usafi tuliokuja kuujua kutoka serikalini ulikuwa usafi wa kukaguliwa: choo kikaguliwe, uwanja ukaguliwe, na asiye navyo atozwe. Hatusemi kwamba ukaguzi haukuwa na faida. Vyoo vilichimbwa. Ila mkaguzi akipanda baiskeli yake akaenda zake, na bidii nayo ilipanda nyuma ya baiskeli.

Pamoja na hilo ilikuwepo kodi ya kichwa, ile iliyopanda kwa kadiri ya mali ya mtu. Wengi wetu tunakumbuka wanaume waliolala porini msimu wa kukamatwa wasiolipa. Ilikuwa kodi ya dhuluma kwa masikini, lakini ndiyo iliyoziendesha kata na wilaya. Mwaka 2005 serikali iliiondoa. Na mwaka huo huo, Julai 2005, Koboko ilikatwa kutoka Arua ikawa wilaya yake. Hebu msomaji atulie hapa kidogo. Wilaya yetu ilizaliwa katika mwaka ambao fedha ya nyumbani ya kufagilia soko ilikauka! Tangu hapo wilaya nyingi za Uganda zimekuwa zikitegemea fedha inayotoka Kampala, na fedha hiyo huja na kazi yake imeshaandikwa. Ya kuondoa takataka katika soko dogo la kata haimo, au ikiwemo ni kidogo.

Na takataka zimeongezeka. Zamani taka za soko zilikuwa maganda ya mihogo na majani ya migomba. Mbuzi walimaliza nusu, mvua ikaozesha nusu. Leo ni kaveera. Serikali ilitangaza kuipiga marufuku mifuko myembamba katika bajeti ya mwaka 2007, ikajaribu tena kwa nguvu mwaka 2015, na bado muuza nyanya anafunga nyanya zake ndani ya kaveera. Mifuko inaziba mifereji, maji yanatuama, mbu wanazaliana. Kipindupindu kimeingia West Nile si mara moja. Tauni nayo, ambayo wengi wanaisoma katika tarehe za masahaba wakidhani imekwisha duniani, iliendelea kuonekana katika nyanda za juu za West Nile upande wa mpaka wa Kongo hata katika miaka ya 2000. Inaenezwa na viroboto wa panya, na panya anafuata makombo. Kwa hiyo hatuzungumzii urembo wa mji tu.

Je, tungoje amri? Jirani yetu Rwanda anatupa funzo la pande mbili. Mwaka 1974 serikali ya Habyarimana iliifanya umuganda, kazi ya pamoja ya jadi, kuwa wajibu wa kila wiki. Watu waliichoka. Halafu mwaka 1994 desturi ile ile ya kuwatoa watu kwa pamoja, na hata neno “kazi” lenyewe, vilitumiwa na wauaji. Ni jambo la kutisha kulieleza mbele ya watoto, lakini ni historia na lazima ijulikane. Baadaye umuganda ilirudishwa, na sheria ya mwaka 2007 ikaiweka Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kwa kila mwenye umri kati ya miaka 18 na 65. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008. Anayefika Kigali anaona tofauti tangu kituo cha basi. Lakini nyuma ya usafi ule ipo serikali yenye mkono mrefu, na baada ya kufyeka watu hukaa mkutanoni, wahudhuriaji wakijulikana.

Tanzania nako, Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015, akaagiza nchi nzima ifanye usafi, na yeye mwenyewe akatoka na ufagio Dar es Salaam, karibu na soko la samaki la Feri. Kipindupindu kilikuwa kinaua watu mwaka ule. Siku ile ilipendeza. Ila tukiulizwa ni mji gani wa Tanzania uliosifiwa kwa usafi miaka mingi, tutataja Moshi, ambao ulikuwa ukishinda mashindano ya usafi ya manispaa kabla ya siku ile. Moshi wana sheria ndogo na faini, hatukatai, lakini mtu akitupa ganda la muwa barabarani, wa kwanza kumkemea huwa ni mpita njia au muuza ndizi.

Mfano ulio mbali zaidi tumeuchukua Ireland, na tuna sababu. Tusidhani kwamba Ulaya yote ilikuwa na fedha. Katika miaka ya 1950 Ireland ilikuwa nchi inayohamwa. Katika miaka kumi ile karibu watu laki nne waliondoka kutafuta kazi, wengi wao Uingereza. Vijiji vilibaki na wazee, milango imefungwa, rangi imebanduka. Sisi tunaijua hali hiyo. Mwaka 1953 walianzisha kampeni ya usafi ya kila majira ya kuchipua, ikaendelea mpaka 1957, na mwaka 1958 bodi yao ya utalii ikaigeuza kuwa mashindano yaitwayo Tidy Towns. Mwaka ule wa kwanza iliingia miji na vijiji 52. Kilichoshinda ni Glenties, kijiji cha Donegal, kaskazini-magharibi kabisa, mkoa uliokuwa ukitoa vibarua wa kwenda Scotland. Si mji wa matajiri.

Tumejiuliza kwa nini jambo hilo halikufa kama kampeni nyingi zinavyokufa. Kwa fikra zetu, siri iko katika karatasi. Waamuzi huja wakati wa kiangazi bila kutoa taarifa, wanapita mitaani kama wageni wengine, kisha kila mji, ushinde usishinde, unapelekewa ripoti iliyoandikwa: hapa mmefanya vizuri, ukuta ule umechakaa, kituo cha basi kinatia aibu. Ripoti haimpeleki mtu mahakamani. Inasomwa na kamati ya wakazi wenyewe, watu wanaotoka jioni baada ya kazi zao na glavu mikononi, na mwaka unaofuata wanataka waone alama zimepanda. Glenties ilishinda tena 1959, 1960 na 1962. Halafu ikakaa miaka 33 bila ushindi huo, wala haikuacha kufagia, na mwaka 1995 ikashinda mara ya tano. Walioshika ufagio safari hiyo wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1958. Siku hizi miji na vijiji vinavyoingia hupita 800.

Pengine msomaji atasema, hao wana muda, wana glavu. Basi tuwaendee watu wa Madina. Alikuwepo mwanamke mmoja mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.). Hakuwa na cheo wala ujira. Akafariki, masahaba wakamzika bila kumpa Mtume habari, kana kwamba waliliona jambo lake kuwa dogo. Mtume (S.A.W.) alipomkosa aliuliza, na alipoambiwa akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda kumswalia. Kisa hiki kiko katika Bukhari na Muslim. Tukikisimulia darasani, watoto hupenda kuuliza mwanamke yule aliitwa nani. Swali zuri, kwa sababu mara nyingi majina yanayobaki ni ya waliotoa amri.

Na hapo ndipo tunapotaka kufika kuhusu Abuku na Koboko nzima. Waliorudi katikati ya miaka ya 1980 na kukuta nyasi sasa ni wazee, na kila mwaka tunawazika. Wanajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha wilaya: nani aliita watu kufyeka njia ya kisima, walikubaliana vipi wakati wengine walikuwa Waislamu na wengine Wakristo, asiyefika alifanywa nini, mafyekeo yalitoka wapi, akina mama walipika nini. Kuanzia mwezi ujao, InshaAllah, wanafunzi wetu wakubwa watawatembelea wazee hao kila Jumamosi baada ya darsa, wawili wawili, na daftari. Wataandika kwa Kiswahili, na mzee akipenda kusema kwa Kikakwa au Kinubi asikatazwe. Tunawaomba wazazi wawaruhusu, na wenye wazee nyumbani wawatandikie mkeka. Yatakayoandikwa tutayachapa katika ukurasa huu huu, pamoja na majina.

Wabillahi tawfiq.