Utafutaji Vificho: Jina la Mchezo na Usalama wa Msitu wa Uluguru

Mtu anaficha kopo lenye daftari dogo na penseli. Anasoma kwenye simu au kifaa cha GPS mahali lilipo, kisha anawatangazia wenzake viwianishi, yaani zile namba mbili za latitudo na longitudo. Atakayelipata ataandika jina lake na tarehe, atalifunga na kulirudisha palepale. Makopo kadhaa yakipangwa kufuata njia moja, hupatikana matembezi ya siku nzima. Ulimwenguni mchezo huu unajulikana kama geocaching, na watalii wanaoucheza kwao wanapofika Morogoro huuliza kama kwenye milima ya Uluguru nako upo. Mwongozaji anapaswa kuwa na jina la kujibia kwa Kiswahili.

Siku ya kuzaliwa kwa mchezo huu inajulikana vizuri. Usiku wa kuamkia 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuyapotosha kwa makusudi mawimbi ya satelaiti zake. Hadi jana yake kifaa cha raia kiliweza kukosea kwa mita 100. Asubuhi kosa lilikuwa limepungua mara kumi hivi. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, na ndani yake akaweka vitabu, programu za kompyuta, manati na kopo la maharage. Mwisho wa mwezi huohuo Matt Stum akapendekeza jina linalotumika hadi leo. Nusu ya kwanza ni Kigiriki, maana yake ardhi. Nusu ya pili ni Kifaransa, kuficha, na kwa muda mrefu wasafiri wa nyika za Amerika Kaskazini waliitumia kwa akiba ya chakula waliyoificha njiani.

Viwianishi vyenyewe vinahitaji kuonwa kwa karibu. Mji wa Morogoro uko kama nyuzi 6 na dakika 49 kusini, nyuzi 37 na dakika 40 mashariki. Dakika moja ya latitudo ni kilomita 1.85, kwa hiyo ukiishia kwenye dakika umemwachia mtu mitaa mizima ya kuhangaika. Ndiyo sababu wachezaji huandika dakika kwa desimali tatu: hatua moja ya tarakimu ya mwisho haizidi mita mbili. Kwenye mabonde ya Uluguru, chini ya miti mirefu iliyolowa na kuta za mlima zinazorudisha mawimbi, hakuna simu itakayofikia usahihi huo. Huko macho ndiyo humalizia kazi.

Sasa jina. Wengi hukimbilia kusema "usakaji hazina", nami naupinga mwili mzima. Nchini kwetu hazina ni jambo la jembe na sururu. Wajerumani waliuacha mji wa Morogoro Agosti 1916, wakarudi nyuma kwa kuuzunguka mlima hadi Kisaki, na tangu hapo masimulizi ya mali walizofukia hayajaisha, hapa na sehemu nyingine nyingi za Tanzania. Kuna watu wanaochimbua chini ya kila jiwe lenye alama ya zamani. Upande wa mashariki wa milima iko Matombo, ambako rubi na spineli kweli hutoka ardhini. Mwambie kijana wa huko kwamba wageni wanapita msituni na mashine inayowaonyesha palipofichwa hazina, kisha urudi wiki ijayo uhesabu mashimo.

"Dafina" ni tamu zaidi masikioni, lakini asili yake ya Kiarabu ni kufukia, na kanuni za mchezo huu kwa kawaida zinakataza kufukia kopo. "Kombolela" inavutia kwa kuwa kila mtoto anaijua. Ila kwenye kombolela wanaojificha ni watu. "Jiokashi" haimwambii chochote asiyejua lugha za wenyewe.

Napendekeza "kificho", wingi "vificho". Neno lipo, linatokana na kitenzi ambacho kila mtu anacho, na linazaa mengine bila shida: mwenye kificho, kuweka kificho, kufichua kificho, njia ya vificho. Halina ahadi ya mali. Mchezo mzima uwe "utafutaji vificho". Kuna watakaopenda "usakaji", na mjini halina neno. Lakini kusaka ni kuwinda, na kwenye mpaka wa hifadhi sitaki askari wa misitu asikie kundi la watu likijitambulisha kuwa ni wasakaji.

Hifadhi hapa si ile ya kufikirika. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ilitangazwa mwaka 2008 kwa kuunganisha misitu ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki, jumla ya hekta 24,115, na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kiswahili kimelipa neno "hifadhi" mzigo mkubwa. Ndilo tunalotumia pia kwa Mkomazi, ambako faru weusi walioanza kuletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997 wanaishi ndani ya uzio wenye walinzi. Uluguru haijazungushiwa uzio. Mpaka ni vigingi na mashamba ya watu yanayoishia kwenye miti, na viumbe wake wa thamani ni wadogo kiasi cha kuingia mfukoni.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Ndege aitwaye chozi wa Loveridge haishi mahali pengine popote duniani, wala tiva wa Uluguru, ambaye yuko upande wa kaskazini tu. Mimea ya pekee inapita aina 100. Wapo vinyonga ambao kwao ni milima hii peke yake, na vinyonga wana soko. Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, lakini marufuku haiwezi kumfuata mtu aliyeweka viwianishi vya kichaka fulani hadharani. Tarakimu zilezile zinazomfikisha mtembezi kwenye kopo humfikisha mwizi kwenye tawi analolala kinyonga usiku.

Kwa bahati nzuri mchezo una aina isiyo na kopo. Tangu 2004, kwa ushirikiano na Chama cha Jiolojia cha Marekani, vipo vificho ambavyo mtu hupewa viwianishi vya mwamba au maporomoko, akifika hujibu swali ambalo jibu lake linaonekana papo hapo tu. Naviita "vificho vya kuona". Kwa njia ya Uluguru ningeanza navyo: swali kuhusu nyumba ya Kijerumani pale Morningside, lingine kuhusu minara ya kilele cha Bondwa, jingine kuhusu vijito vinavyoishia mto Ruvu na mabomba ya Dar es Salaam. Hakuna plastiki inayobaki, hakuna nyani wa kupasua kopo, na miguu haiachi njia. Kopo halisi liwekwe nje ya mpaka, kwa ridhaa ya kijiji.

Wanaotunga istilahi za utalii wauingize mchezo huu kwenye orodha zao kabla "hazina" haijakita mizizi, kwa sababu neno likishazoeleka kulitoa ni kazi. Nawe unayepanda na simu mkononi, chukua kwanza kibali kwenye ofisi ya hifadhi, nenda na mwongozaji, weka alama kwenye mwamba au maporomoko upendavyo. Mahali ulipomwona kinyonga, usipaandike.