Umeme wa Sola na Betri Nje ya Gridi

Umeme wa sola nje ya gridi ni umeme unaozalishwa na paneli za jua, ukahifadhiwa kwenye betri na kutumika palepale ulipozalishwa, bila waya wa shirika la umeme kufika. Ndio unaoendesha friji ya gari la safari linalolala porini, redio ya boti iliyotia nanga kisiwani, na taa za vibanda vya wapanda mlima Kilimanjaro. Mifumo hii kwa kawaida ni midogo, kuanzia wati 50 hadi elfu chache. Tofauti yake na umeme wa nguzo ni kwamba haina wa kuikopesha: kilichomo kwenye betri jua linapozama ndicho kilichopo hadi asubuhi.

Seli ya kwanza ya silikoni iliyofaa kwa kazi ilitangazwa na maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1954. Iligeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Paneli nyingi za sasa zinapita asilimia 20. Katika miaka ya 1980, vibanda vya mapumziko vya Norwei na nyumba za wakulima wa Kenya zilikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo, na haja yao ilikuwa moja: taa na televisheni mahali ambapo nguzo hazijafika. Nyumba nyingi za Kenya zilikuwa tayari na betri ya gari sebuleni, ikibebwa mara kwa mara hadi mjini kuchajiwa. Paneli ndogo iliyopandishwa batini ilikuja kuondoa safari hiyo. Betri ilitangulia, paneli ikafuata, na mpangilio huo unafaa kufuatwa hata leo mtu anapopanga mfumo wake.

Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa kwenye mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya paa la gari adhuhuri seli hufika nyuzi 60 au zaidi, na kila nyuzi moja inayozidi hupunguza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu. Ndiyo maana huachwa nafasi ya hewa kati ya paneli na paa. Kivuli ni kibaya kuliko joto. Seli zimeunganishwa mfululizo, kwa hiyo seli moja ikizibwa huzuia mkondo wa wenzake. Kivuli cha mlingoti, chembamba kama mkono, kikilala juu ya paneli ya seli 36 kinaweza kuondoa nusu ya umeme wake. Kati ya paneli na betri hukaa chaji kontrola, inayozuia betri isichajiwe kupita kiasi. Zile za bei nafuu huunganisha paneli na betri moja kwa moja na kupoteza volti zinazozidi. Zile zinazojulikana kama MPPT hugeuza volti hizo kuwa ampea, na faida yake huonekana zaidi paneli zikiwa kubwa.

Betri ndiyo moyo wa mfumo, na mifumo mingi inayokufa mapema huanzia kufa hapo. Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Gaston Planté mwaka 1859, bado ndiyo rahisi kuipata: ya maji au iliyofungwa. Ikipumzika bila mzigo, iliyojaa huonyesha volti 12.7, iliyobaki nusu 12.2, na iliyoisha takriban 11.8. Ikishushwa hadi chini ya nusu kila siku, au ikiachwa wiki nzima bila kujazwa, fuwele ngumu za salfeti huganda kwenye sahani zake, na hapo fundi husema betri haitunzi chaji. Betri ya maji huongezewa maji yaliyotoneshwa pekee. Maji ya kisima yana chumvi zinazoharibu sahani, na kuongeza asidi kwa nia ya kuipa nguvu ni kuiua haraka.

Betri ya lithiamu na fosfeti ya chuma ilitokana na utafiti wa kundi la John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas, miaka ya 1990. Seli yake ina volti 3.2; nne mfululizo hutoa 12.8. Hutumika hadi asilimia 80 au zaidi ya ujazo wake kwa maelfu ya mizunguko, na ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 12 hivi, wakati ya risasi hukaribia kilo 30. Sharti lake kubwa ni baridi. Ikichajiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu hujipaka kama metali ndani ya seli na kuiharibu moja kwa moja. Pwani jambo hilo halina maana, lakini kwenye kibanda cha Kibo mlimani Kilimanjaro, juu ya mita 4,700, linaamua betri ya kununua.

Hesabu huanza na matumizi ya siku. Kwa mfano, gari la kulala lina friji ya volti 12 ya wati 45 inayozunguka nusu ya siku: wati-saa 540. Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni 100. Simu na kompyuta ni 160. Jumla ni 800, na kwa kuwa nyaya, kontrola na betri zenyewe hula sehemu, huhesabiwa 1,000. Mahali penye saa tano za jua kamili kwa siku, paneli ya wati 200 ndiyo ya chini kabisa. Ya wati 300 ina nafasi ya kupumua mawingu yakizidi. Akiba ya siku mbili ni wati-saa 2,000: takriban ampea-saa 200 za lithiamu, au zaidi ya 320 za risasi. Inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo, isisahaulike. Ikiachwa imewashwa bila kazi huweza kula wati 10 hadi 20, yaani wati-saa 240 hadi 480 kwa siku, kiwango cha juu kikikaribia cha friji.

Nyaya hupuuzwa kuliko kifaa chochote. Kwenye volti 12, pampu ya wati 120 huvuta ampea 10. Ikiwekwa mita 10 kutoka kwenye betri kwa waya wa milimita za mraba 2.5, volti 1.4 hupotea njiani na pampu hupata 10.6 tu, huku mwenye nayo akiilaumu betri. Waya wa milimita za mraba 10 hupunguza hasara hiyo hadi robo. Fyuzi hukaa karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa sababu waya ukichubuka kabla ya fyuzi hakuna cha kuzuia moto.

Kwenye boti, chumvi hula shaba tupu hadi ikawa kijani ndani ya ganda lake, hivyo hutumika nyaya zilizopakwa bati. Kwenye gari, betri ya lithiamu huweza kuvuta mkondo mwingi hadi altaneta ikaungua. Chaja maalumu huwekwa kati yao. Kwenye kibanda karibu na ikweta, paneli hulazwa karibu bapa, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi, mvua ipate kuosha vumbi.

Betri ya risasi iliyokufa haitupwi wala kuvunjwa nyumbani. Hurudishwa kwa muuzaji au mrejelezaji mwenye kibali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza sumu ya risasi kwa wakazi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyeongoza kampeni dhidi yake, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.