Filamu Tano Ndani ya Flashi Moja

Mimi sinema nilizijua Kariakoo, tena kwa masikio kabla ya macho. Ukipita nje ya kibanda cha video pale jirani na Gerezani unamsikia Lufufu anatafsiri mkanda, Mchina na Mmarekani wote wanaongea Kiswahili kwa koo lake. Ukiwa na hela unaingia. Huna, unachungulia kwenye tundu la turubai.

Zikaja filamu zetu wenyewe, na humo mwanamume mwenye madaha ya kike alikuwa na kazi moja tu: kuchekesha. Anabana pua, anafunga kanga kiunoni, anapigwa kofi, kibanda kizima kinaangua kicheko. Mshikaji wangu mmoja, jina silitaji, naye alicheka. Alicheka kwa kuwahi, kabla ya wengine. Ilinichukua miaka kuelewa kwa nini alikuwa anawahi. Na neno lenyewe, jamani! Bibi yangu wa Ilala alimwita jirani yake kila asubuhi, "Shoga, umeamkaje?" Sisi wajukuu tukaligeuza tusi.

Basi, Stories of Our Lives ilinifikia kwenye flashi, kwa mtu aliyetoka Nairobi. Nikaipeleka kwa kijana mmoja anayerusha miziki ili anitolee nakala. Akaifungua, akakunja uso.

"Kaka, mbona haina rangi? Nikurekebishie?"

"Iache hivyo hivyo, mdogo wangu."

Ni filamu fupi tano zilizounganishwa, zote kwa nyeusi na nyeupe. Mwaka 2013 vijana wa Nest Collective wa Nairobi walianza kuzunguka Kenya wakirekodi simulizi za mashoga, wasagaji na watu waliobadili jinsia. Sisi waandishi chipukizi huanza na funzo, halafu tunatafuta mtu wa kulibeba. Wenzetu walianza kwa kusikiliza. Jim Chuchu akaongoza. Kamera ilikuwa moja, Canon, ya aina wanayotumia wapiga picha wetu wa harusi; kazi ikachukua miezi 8 na dola kama 15,000.

Kipo kisa cha wasichana wawili wa shule wanaotenganishwa na mwalimu mkuu. Kile cha hotelini Uingereza hakikunikaa. Ila cha "Athman", bwana! Vibarua wawili wa shamba la chai, marafiki wa siku nyingi. Ray anampenda Athman, Athman ana macho kwa Fiona. Ndiyo hivyo tu. Hakuna kofi, hakuna anayebana pua. Tulikitazama mimi na mshikaji, chumbani kwake, sauti tumeipunguza. Safari hii hakucheka. Akasema, "Rudisha nyuma." Tukakirudia mara tatu.

Filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza Toronto, Septemba 2014. Hadi hapo waliohusika walikuwa wameficha majina. Huko ndiko Chuchu, George Gachara na Njoki Ngumi walipojitokeza. Oktoba hiyo hiyo bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku, eti inahamasisha ushoga kinyume cha maadili ya taifa. Gachara akakamatwa, na shtaka lenyewe likawa kupiga filamu bila leseni, kwa sheria iliyotungwa kabla ya uhuru. Februari 2015 Berlin ikaipa tuzo ya majaji wa Teddy. Nyumbani, marufuku.

Tusiwacheke Wakenya. Sheria yetu ya filamu ni ya mwaka 1976, na kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa Mwingereza, kinafika hadi kifungo cha maisha. Kwao ni miaka 14.

Septemba 2018 Mahakama Kuu ya Nairobi iliifungulia Rafiki ya Wanuri Kahiu kwa siku 7, watu wakajaa sinema. Mshikaji alifurahi sana, akapanga twende kwa basi, nauli tukakosa. Mwezi uliofuata, hapa kwetu, Paul Makonda, Mkuu wa Mkoa wakati huo, akatangaza kamati ya kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Novemba serikali ilisema yale yalikuwa maoni yake binafsi. Lakini kati ya tangazo na kauli hiyo kulikuwa na siku kadhaa, na siku hizo watu waliziishi. Mtaani kila mtu alimwangalia jirani yake. Mshikaji alihama chumba usiku, godoro kaliacha. Alinitumia ujumbe wa neno moja: "Futa."

Nilijua anasema nini. Namba yake haikupatikana tena.

Flashi niliifomati usiku huo huo. Sasa hivi ina taarabu za mama yangu.