Wageni Wasimame: Ulokole Katika Mji wa Wahamiaji

Katika ibada ya Jumapili ya kanisa la kiinjili, Makanyagio mjini Mpanda kama kwingineko Tanzania, kuna dakika chache ambazo hazikuandikwa katika tamko lolote la imani. Kwaya imekwisha kuimba, sadaka bado haijakusanywa, na mzee wa kanisa aliye zamu anatangaza: wageni wasimame. Anayesimama hutanguliza Bwana Yesu asifiwe, hutaja jina lake, husema ameokoka na anampenda Bwana, kisha hutoa salamu za kanisa alikotoka. Ikiwa amehamia moja kwa moja, mfukoni ana bahasha yenye barua ya mchungaji wake wa zamani, imegongwa mhuri, inayoeleza kwamba huyu ni mshirika mwaminifu, amebatizwa, hana shauri la nidhamu, apokelewe. Watu hupiga makofi, humwimbia pambio la kumkaribisha, na walio karibu humpa mkono. Wanaoandika habari za makanisa haya huanzia kwenye mafundisho au kwenye miujiza. Mimi naanzia kwa mgeni aliyesimama, kwa sababu naona desturi hiyo inaeleza kuliko nyingine yoyote jinsi imani hii ilivyoota mizizi Mpanda. Huu ni mji uliojengwa na watu waliotoka kwingine, na ulokole ulistawi humo kwa kuwa ulijua kumfanya mgeni awe ndugu ndani ya asubuhi moja.

Mpanda ya leo ni mtoto wa risasi, yaani yale madini mazito, na wa reli. Mgodi wa Mukwamba, uliokuwa wa kampuni ya Uruwira Minerals, ndio uliofanya serikali ya kikoloni itandike reli kutoka Kaliua, zaidi ya kilomita 200 za pori la miombo na mbung'o, hadi ikafika Mpanda mwaka 1950. Vibarua walikuja, makarani wakaja, wachuuzi wakafuata. Miaka kumi baadaye, mwaka 1960, mgodi ulifungwa, lakini reli ilibaki na watu wengi wakabaki nayo. Makanyagio ni mojawapo ya kata za mji huo, ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa. Jina lenyewe linatokana na kitenzi kukanyaga, nalo linaufaa mji ambao nyayo zake ni za Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Wafipa, Waha, Wanyamwezi, Wasukuma na Warundi. Mji wa namna hiyo hauna ukoo mmoja wa kumpokea anayeshuka kwenye treni. Swali la kwanza la mtu aliyefika na sanduku lake ni la kidunia kabisa: nikiugua nani atanijua, nikifa nani atanizika?

Dini zilikuwepo kabla ya reli, tena zenye mizizi mirefu. Mapadre wa White Fathers walikabidhiwa ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na hadi leo Ukatoliki ndio mti mkubwa wa eneo hili. Jimbo Katoliki la Mpanda lilianzishwa mwaka 2000. Na kabla ya mapadre kulikuwa na mzimu aitwaye Katabi. Mkoa umechukua jina lake kutoka kwa mzimu huyo, ambaye wenyeji walisema anakaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi, na watu walimpelekea sadaka wakiomba mvua na mawindo. Tofauti ya msingi iko hapa. Katabi ana mti wake, na mti hauhami. Anayetaka kumwomba hana budi kuwa mtu wa pale, au awe na wazee wa pale wa kumpeleka. Parokia nayo, pamoja na ukarimu wake, inahitaji padre, altare na mpangilio wa sakramenti, na katika nchi pana yenye mapadre wachache waumini wengi walingoja muda mrefu kabla misa haijawafikia. Imani ya kiinjili ilihitaji Biblia moja, watu wachache waliokata shauri, na kivuli.

Neno kiinjili lenyewe linahitaji kufafanuliwa, maana limo hata katika jina la kanisa la Kilutheri. Hapa nawakusudia Wakristo wanaoshika kwamba kila mtu lazima aokoke mwenyewe, kwa toba yake mwenyewe, hata kama wazazi wake walikuwa wazee wa kanisa. Mbegu hii ilifika magharibi ya Tanzania kwa njia kadhaa. Wamoraviani waliipokea Urambo kutoka London Missionary Society mwaka 1898, na Urambo haiko mbali na Kaliua, ilikoanzia reli ya Mpanda. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulisambaa kwa Waanglikana wa Uganda, Burundi na Tanganyika, nao ndio uliotupa neno mlokole, yaani aliyeokoka, kutoka Kiganda. Africa Inland Mission ilianza kazi Nassa, Usukumani, mwaka 1909. Na wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walianza Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1935 wakafungua kituo Kiremba, kusini mwa Burundi.

Kiremba iko mbali na Makanyagio, lakini bila Kiremba historia hii haieleweki. Mwaka 1972 mauaji makubwa yaliwakumba Wahutu wa Burundi, na maelfu kwa maelfu walivuka kuingia Tanzania, wengi wao kutoka kusini kulekule ambako Wapentekoste na Waanglikana walikuwa wamefanya kazi kwa miaka karibu 40. Serikali, pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa na TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, iliwapatia makazi: Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba mwaka 1973, kisha Mishamo mwaka 1978, haya mawili yakiwa katika wilaya ya Mpanda ya wakati huo. Baadhi ya waliopelekwa Mishamo walitolewa Ulyankulu, kwa hiyo walihama mara ya pili wakiwa tayari wamehama. Watu hawa waliacha makaburi, migomba, ng'ombe na majina ya vilima. Walichoweza kubeba ni kile kilichomo kichwani na kifuani: nyimbo, maandiko, na kumbukumbu ya siku waliyookoka. Umaarufu wa kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, ambayo kanda zake zilisikika Afrika Mashariki yote, unaonyesha jambo hilo waziwazi. Jina la kwaya ni namba ya barabara ya makazi ya wakimbizi. Mahali pasipokuwa hata na jina la babu palipata sauti.

Ndipo mafundisho yanapopata uzito wake. Kuzaliwa mara ya pili, fundisho ambalo walokole hulitoa katika mazungumzo ya Yesu na Nikodemo, lina maana gani kwa mtu ambaye kuzaliwa kwake mara ya kwanza kumempatia kabila linalowindwa au kijiji kisichokuwepo tena? Lina maana kwamba yupo mwingine anayemjua kwa jina. Ubatizo wa maji mengi, ambao mtu mzima huingia mtoni kwa miguu yake na kuzamishwa mbele ya mashahidi, humpa tarehe na mashahidi wa maisha mapya. Katika makanisa yanayobatiza hivyo, watoto wachanga huwekwa wakfu tu. Ubatizo husubiri wakati mtoto atakapoweza kusema mwenyewe kwamba ameamini. Wapentekoste huongeza ubatizo wa Roho Mtakatifu na kunena kwa lugha, na ni vema kukumbuka kwamba karama hiyo haiulizi mtu alisoma mpaka darasa la ngapi. Mama asiyejua kusoma anaweza kunena, kutabiri, kuombea wagonjwa na kutoa ushuhuda, na kusanyiko lote likamwitikia amina. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, na Tenzi za Rohoni vilifanya kazi ya ziada: Mrundi, Mfipa na Msukuma waliomba kwa lugha ambayo hakuna aliyeweza kujigamba kuwa ni ya kwao peke yao.

Ushahidi wa hoja hii umo pia kwa watafiti ambao hawakuwa na haja ya kulitetea kanisa lolote. Liisa Malkki, katika kitabu chake cha mwaka 1995, aliwalinganisha wakimbizi wa Mishamo na wenzao waliojificha Kigoma mjini. Wa Mishamo waliishikilia historia yao ya Burundi kama amana. Wa mjini walijichanganya na wenyeji na kuupunguza utambulisho wa ukimbizi. Marc Sommers, katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliandika juu ya vijana wa Kirundi waliotoka kwenye makazi kisirisiri kwenda kushona nguo Dar es Salaam, na ndani ya masimulizi hayo kanisa la Kipentekoste linaonekana kama ukoo: linaunganisha kijana na fundi, na fundi na mahali pa kulala. Nikiviweka vitabu hivi viwili pamoja, naona kanisa lilimruhusu mtu kufanya mambo mawili ambayo Malkki aliyaona yametengana. Aliendelea kukumbuka alikotoka, maana hakuna ushuhuda usioanza na zamani. Na papo hapo alikuwa mwenyeji wa hapa, maana jina lake limeandikwa kwenye daftari la washirika. Serikali ilipoanza kutoa vyeti vya uraia kwa zaidi ya watu 160,000 wa makazi haya mwaka 2014, makanisa yalikuwa yamekwisha kuwapa watu hao namna ya uraia kwa miongo minne.

Hoja hii ina wapinzani, na wa kwanza atasema kwamba yote ni kazi ya fedha za Ulaya. Ni kweli kwamba wamisionari wa Sweden walijenga shule na hospitali, na hospitali ya Nkinga mkoani Tabora inajulikana hadi leo. Lakini fedha hazielezi kesha la Ijumaa, wala mchango wa mabati, wala jengo la tofali za udongo lililofinyangwa na akina mama na vijana kabla mfadhili yeyote hajalisikia. Zaidi ya hayo, makanisa mengi mapya ya Tanzania yalianzishwa na Watanzania wenyewe. Kanisa la EAGT, lililozaliwa mwaka 1991 chini ya Moses Kulola baada ya kutengana na Tanzania Assemblies of God, lilienea kwa mikutano ya injili viwanjani. Mfano huohuo unaonyesha na udhaifu, nami siufichi: imani ambayo inaweza kuanza na watu watano chini ya mwembe inaweza pia kugawanyika kwa watu watano. Wepesi ulioifikisha Mpanda ndio unaoipasua, na makanisa yanayogombana mtaa mmoja juu ya waumini walewale huwaumiza hasa wale wasio na ukoo mwingine wa kukimbilia.

Pingamizi zito zaidi ni la wenyeji. Mtu anaweza kuuliza: kama ulokole ni imani ya wahamiaji, mbona Wapimbwe na Wabende nao wameokoka, wao ambao mkwaju wa Katabi ulikuwa wao? Jibu liko katika historia ya ardhi. Wakati wa ukoloni, vita dhidi ya malale viliwatoa watu kwenye vijiji vyao na kuwakusanya pamoja. Mwaka 1974 Katavi ikawa hifadhi ya taifa, na mwituni humo mtu hakai tena. Miaka hiyohiyo, Operesheni Vijiji iliwahamisha wananchi nchi nzima. Kisha wafugaji wa Kisukuma walishuka na mifugo yao, na pamoja nao ukaja Ukristo wa Usukumani wa AIC, kanisa lililotokana na Africa Inland Mission. Kwa hiyo mwenyeji wa Katavi alihamishwa bila kuondoka Katavi. Mti ulibaki upande wa pili wa mpaka wa hifadhi. Siwezi kusema kwamba hakuna kilichopotea. Mhubiri anayemwita Katabi pepo na kunyamaza hapo huwanyima watoto wa Makanyagio kujua kwa nini mkoa wao unaitwa hivyo, na mtu anaweza kukataa kumwabudu mzimu bila kuifuta historia ya babu zake.

Mwingine atasema kwamba Wakatoliki na Waislamu nao huwapokea wageni, na hilo ni kweli tupu. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo mwaka 1976, na Uislamu wa Ujiji ulijengwa na misafara. Walokole hawakuanzisha ukarimu. Walichofanya ni kuuingiza ndani ya ibada na kuuunganisha na fundisho lao kuu, ili kwamba kumtambua mgeni na kukiri wokovu viwe tendo moja lenye maneno yaleyale.

Ndiyo maana zile barua za utambulisho zina thamani kuliko zinavyodhaniwa. Kila moja ina jina, tarehe, mahali pa kutoka na mahali pa kwenda, na zikipangwa pamoja na daftari za ubatizo zitaonyesha namna Mpanda ilivyojaa watu, familia baada ya familia. Nyingi zimo kwenye masanduku ya bati na mifuko ya rambo chini ya mimbari, zikiliwa na mchwa. Mchungaji, mzee wa kanisa, katibu wa usharika unayesoma haya: usizichome siku ya kufanya usafi. Zipangeni kwa miaka, ziwekeni pakavu, na waiteni wazee wa Katumba na Mishamo wawaeleze majina yaliyofutika kabla nao hawajaondoka.