Makorongo Mawili

Nje ya Makavazi ya Kitaifa pale Nairobi kuna sanamu ya mzee ameketi, kashika jiwe mkononi, analitazama kama mtu anayesoma barua. Ni Louis Leakey. Watoto wa shule humpanda magotini wapigwe picha. Mwaka jana nilisimama hapo na jamaa yangu, yaani yule mtu ambaye bado tulikuwa hatujakubaliana tunaitana nani. Nikamwambia nataka kuandika kuhusu Leakey na mkewe, nione walipendana vipi watu wawili ambao hawakufanana hata kidogo.

Yeye ana digrii mbili. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokwisha na moyo pia. Akaniuliza, bila ubaya, "Sasa utaandika historia kama nani?"

Sikumjibu. Tulipanda matatu kimya hadi Ngara. Lakini swali hilo nililala nalo wiki nzima, na ndilo lililonifanya nimtafute Mary. Maana sanamu yake pale nje sikuiona, na kumbe yeye ndiye hakuwa na cheti chochote.

Mary Nicol alizaliwa London mwaka 1913. Babake alikuwa mchoraji, na familia ilizunguka naye Ufaransa kusini akichora mandhari. Huko ndiko msichana alipoona mapango yenye michoro ya watu wa kale, akapewa ruhusa ya kuchakura udongo uliotupwa na wachimbaji na kuokota vipande vya mawe. Mwaka 1926 baba akafa. Mary alikuwa na miaka 13. Mama akamrudisha Uingereza na kumpeleka shule za masista, na kote alifukuzwa: mara ya kwanza kwa kukataa kukariri shairi mbele ya watu, mara ya pili kwa kulipua kitu kwenye maabara ya kemia. Hakufanya mtihani wowote wa maana maishani mwake. Alichokuwa nacho ni mkono. Alichora zana za mawe kwa usahihi hivi kwamba wanaakiolojia walianza kumwita, na kwa njia hiyo akaingia kwenye machimbo kama mchoraji, bila cheti mkononi.

Louis alikuwa upande wa pili kabisa. Alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamishonari, akakulia Kikuyu kinywani hadi wazee wakampa jina na akapita jando na rika lake. Alipofika Cambridge alitoa Kikuyu kama mojawapo ya lugha zake za mtihani, na chuo kikakwama, kwa sababu nani angemtahini? Mtu wa maneno, mtu wa mbio, akiingia chumbani kila mtu anageuka. Ila na yeye alikuwa na jeraha. Mwaka 1923 alipigwa teke la kichwa kwenye raga, na maumivu yake yalimwandama sana. Nyumbani alikuwa Mwingereza kati ya Wakikuyu, kule Uingereza akawa Mkikuyu kati ya Waingereza. Mtu wa namna hiyo huongea sana. Akinyamaza ataulizwa ametoka wapi.

Wakakutana 1933, kwenye chakula cha jioni baada ya Louis kutoa mhadhara London. Mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson, ambaye Mary alikuwa akimchorea, ndiye aliyewakutanisha, maana Louis alihitaji mtu wa kuchora zana za kitabu chake. Mary alikuwa na miaka 20, yeye 30. Na Louis alikuwa na mke.

Hapa wacha nisimame, kwa sababu hadithi hii husimuliwa kwa haraka kama sinema ya mapenzi, na mtu mmoja huachwa nje ya fremu. Mke alikuwa Frida. Walioana 1928, wakaja naye Afrika Mashariki, naye pia alichora zana na kutembea makorongo ya Olduvai kule Tanganyika akitazama chini. Desemba 1933 alijifungua mtoto wao wa pili. Muda si muda Louis akamwambia kuhusu Mary. Aliachwa Cambridge na watoto wawili, na wakubwa wa chuo wakamgeuzia Louis mgongo. Sitakwambia kwamba mapenzi yalishinda. Mtu aliumizwa, na aliyeumiza alijua.

Mamake Mary hakutaka kusikia jambo hilo. Mapema 1935 akamchukua binti yake safari ya kusini mwa Afrika, amtembeze hadi akili imrudie. Wazazi wetu wangempeleka ushago kwa shangazi. Haikusaidia. Safari ilipoisha, mama alirudi Uingereza peke yake na Mary akageukia kaskazini, hadi Moshi, Louis alikokuwa akimsubiri.

Lakini Louis aliyekuwa akimsubiri hakuwa yule wa London. Miezi michache nyuma alikuwa ameaibika mbele ya dunia. Alikuwa ametangaza kwamba visukuku alivyopata Kanam na Kanjera, karibu na Ziwa Victoria, vilikuwa vya binadamu wa kale mno. Mwanajiolojia Percy Boswell akaja kuhakikisha, na Louis akashindwa kumwonyesha mahali penyewe. Vyuma alivyochomeka ardhini kuweka alama vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji, wakavifanya vyombo vya kuvulia samaki. Hata picha moja aliyotegemea ilikuwa ya sehemu nyingine. Boswell alirudi Uingereza na kuandika hayo kwenye jarida la Nature. (Mimi wale wavuvi nawaelewa. Chuma kimeachwa tu porini, wewe ungefanya nini?)

Kwa hiyo fikiria hao wawili kwenye gari, mwaka 1935, mvua ya masika ikinyesha, wakipanda Ngorongoro kwenye matope. Mmoja ni mchoraji asiye na cheti ambaye mama amemsusia. Mwingine ni msomi ambaye cheti chake kimetiwa doa kwa sababu hakuweka alama sawasawa. Watu husema walipendana London. Mimi nasema London walitamaniana. Kupendana kulianza Olduvai, na kulichukua miaka.

Sababu yangu ni hii. Kitu ambacho Louis alikikosa ndicho Mary alichokuwa nacho. Louis aliona kipande cha mfupa akashaona kitabu kizima. Mary aliona kipande cha mfupa akauliza kiko sentimita ngapi kutoka kingine. Yeye ndiye aliyechimba Hyrax Hill kule Nakuru, ndiye aliyesimamia kazi Olorgesailie, huko njia ya Magadi, mahali ambapo mamia ya shoka za mawe yamelala hadi leo pale pale yalipoachwa. Ukienda utatembea kwenye njia ya mbao juu yake, hakuna aliyeyahamisha. Huo ndio ulikuwa mkono wake: usiguse kabla hujachora. Kwa mtu aliyeanguka kwa kukosa alama ya mahali, kuishi na mwanamke wa namna hiyo kulikuwa dawa. Na kwa mwanamke ambaye hakupenda kuongea mbele ya watu tangu lile shairi la masista, kuwa na mtu wa kumwongelea kulikuwa mwavuli.

Walioana mkesha wa Krismasi 1936, kwenye ofisi ya msajili kule Ware. Mwaka uliofuata walikuwa Kenya.

Miaka iliyofuata haikuwa ya kimapenzi hata kidogo. Pesa hamna. Mwaka 1943 walimzika binti yao Deborah, miezi mitatu, kwa ugonjwa wa kuhara. Walibaki na wavulana, ambao mwishowe walikuwa watatu. Oktoba 1948, kisiwani Rusinga, Mary aliona jino likichungulia kwenye mteremko, na likatoa fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa miaka milioni 18 hivi. Usiku huo walisherehekea kwa namna ambayo Mary mwenyewe aliieleza bila haya kwenye kitabu cha maisha yake: ndivyo alivyopatikana mwanao wa tatu. Nilicheka peke yangu kitandani niliposoma.

Na ukitaka kujua nani alishika sururu, usitazame picha za watu wawili tu. Heslon Mukiri alikuwa na Louis tangu safari za miaka ya 1920. Kamoya Kimeu alijiunga nao 1960, akaja kuwa mwindaji hodari wa visukuku kuliko wengi wenye majina marefu. Wengine majina yao hayakufika kwenye vitabu. Pia usimfanye Louis mtakatifu: yule aliyejiita Mkikuyu ndiye aliyekaa Kapenguria kama mkalimani wa serikali Kenyatta aliposhtakiwa, hadi upande wa utetezi ulipompinga akajitoa.

Katikati ya miaka ya 50 ndoa nusura ivunjike. Louis alikuwa na mwanamke mwingine, kama vile Mary alivyowahi kuwa huyo mwanamke mwingine. Kilichomrudisha ni mtoto. Richard, miaka 11, alianguka kutoka kwenye farasi, fuvu likapasuka, akalala kati ya uhai na kifo, akamwomba babake asiondoke. Akabaki.

Basi tufike tarehe 17 Julai 1959. Olduvai, asubuhi. Louis ana homa, amelala hemani. Walikuwa wamekubaliana wasichimbe hadi mpiga picha wa filamu afike, kwa hiyo Mary akachukua mbwa wake wawili akaenda kutembea tu. Jua lilipopanda aliona mfupa, halafu meno mawili makubwa kwenye taya. Alirudi kambini akiendesha gari kama mwehu, akipiga kelele kwamba amempata. Louis akaruka kitandani, homa ikasahaulika. Fuvu lilikuwa vipande zaidi ya 400 na Mary ndiye aliyeviunganisha. Wakaliita Zinj, kwa jina la kale ambalo Waarabu waliita pwani yetu. Lina miaka milioni 1.75. Baada ya miaka 24 ya kutazama chini pamoja, pesa na umaarufu vikaja kwa mkupuo.

Sasa sikia kitu kilichonikalisha chini. Sehemu za Olduvai zina majina ya herufi. Pale Zinj alipopatikana panaitwa FLK, na herufi hizo ni Frida Leakey Korongo. Korongo, Kiswahili hichi hichi. Frida ndiye aliyelipata mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwa mke. Ng'ambo kuna MNK, Mary Nicol Korongo, lililopewa jina la Mary kabla hajawa Leakey. Hivyo fuvu lililoijenga nyumba ya Mary lilitoka kwenye korongo la mwanamke aliyevunjiwa nyumba. Hakuna aliyebadilisha jina. Hadi leo wanafunzi wa akiolojia huandika FLK kwenye madaftari yao, na wengi hawajui wanaandika jina la nani.

Umaarufu ndio uliowatenganisha. Louis alianza kuzunguka dunia kwa mihadhara, Mary akahamia Olduvai na mbwa wake, sigara zake nene na wiski yake. Mwaka 1964 Louis alianza machimbo ya Calico, California, akidai kuna zana za kale sana kule. Mary alitazama mawe hayo na hakuona zana. Baadaye aliandika kwamba Calico ilichangia sana kuwaachanisha, na mimi hiyo naiona ni kauli ya kimapenzi kuliko zote alizowahi kuandika. Fikiria: wanawake wengine aliwavumilia, lakini siku alipokoma kuamini macho yake mbele ya jiwe, ndoa ikaisha. Mwaka 1968 chuo cha Witwatersrand, Afrika Kusini, kilitaka kuwapa wote wawili shahada za heshima. Louis alikataa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Mary, ambaye hakuwahi kupita mtihani, alikwenda akaichukua. Nimejaribu kumtetea kichwani kwangu, nimeshindwa. Hamu yake naielewa vizuri kupita kiasi.

Louis alifariki London, tarehe 1 Oktoba 1972. Alizikwa Limuru karibu na wazazi wake. Kaburi lilikaa karibu mwaka bila jiwe, na aliyeliwekea jiwe hakuwa Mary.

Mary aliendelea. Mwaka 1978, kule Laetoli, kusini mwa Olduvai, timu yake ilifukua nyayo kwenye jivu la volkano lililoganda: viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita, mstari wa mita 27 hivi, nyayo ndogo kando ya kubwa. Watu wote hutaka iwe ni mume na mke. Mary hakupenda kusema zaidi ya kile ardhi ilichosema.

Lakini Laetoli haikuwa ngeni kwake. Alifika hapo mara ya kwanza 1935, msimu ule ule wa matope, na Louis, wakiwa bado wanaonekana na watu kama aibu. Waliokota visukuku, vikapelekwa London. Kati yake kulikuwa na jino moja la chonge. Likaandikwa kwamba ni la nyani, likafungiwa kwenye droo. Lilikaa humo zaidi ya miaka 40, hadi 1979, mtaalamu mmoja alipolitoa, akaligeuza kwenye mwanga, akaona si la nyani. Lilikuwa la jamaa wa wale wenye nyayo. Walikuwa wamelishika mkononi mwaka wa kwanza kabisa.

Nilimtumia jamaa yangu hadithi ya hilo jino usiku, maneno mengi bila nukta. Alijibu baada ya saa mbili.

"Jumamosi twende Olorgesailie. Wewe ndiye utanieleza."

Nikamwambia abebe maji mengi, kule kuna joto.