Rafiki Asiyeonekana na Hofu ya Watu Wazima: Riwaya ya Chocky (1968) katika Historia ya Elimu ya Akili ya Mtoto

Ikisiri

Insha hii inaichunguza riwaya ya John Wyndham, Chocky (1968), kama ushahidi wa kihistoria kuhusu namna jamii ya Uingereza ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilivyomsikiliza mtoto. Inajengwa hoja kwamba utisho wa rafiki wa kufikirika katika riwaya hii hautokani na rafiki mwenyewe, bali na majina ambayo watu wazima humbandika kabla ya kumsikiliza mtoto hadi mwisho.

1.0 Utangulizi

Riwaya za kisaikolojia zinazohusu mtoto na rafiki asiyeonekana kwa wengine husomwa aghalabu kama hadithi za kutisha. Msomaji huulizwa swali moja: je, rafiki huyo yupo kweli au ni zao la akili ya mtoto? Kwa mwanahistoria, swali hilo halitoshi. Linalohitaji kuulizwa zaidi ni hili: katika kipindi fulani, ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kulijibu? Mchungaji, daktari, mzazi, au mtoto mwenyewe? Chocky inafaa kwa uchunguzi wa aina hii kwa sababu inawakutanisha wote hao ndani ya nyumba moja ya tabaka la kati nchini Uingereza.

2.0 Usuli wa Kihistoria

Mwaka 1898 Henry James alichapisha The Turn of the Screw, ambamo mlezi wa kike anaamini kwamba watoto wawili wanawasiliana na wafu. Watoto wenyewe hawathibitishi jambo hilo waziwazi, na hofu yote inamfikia msomaji kupitia kalamu ya mtu mzima. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1895, Clara Vostrovsky alikuwa amechapisha nchini Marekani uchunguzi wa awali kuhusu marafiki wa kufikirika. Hivyo basi, jambo hili liliingia katika fasihi ya hofu na katika taaluma ya saikolojia karibu wakati mmoja.

Katika karne ya 20 taaluma hiyo ilijipatia taasisi. Mwaka 1927 kliniki ya kuwashauri watoto na wazazi ilifunguliwa mashariki mwa London chini ya Emanuel Miller. Mwaka 1951 John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti iliyohusisha afya ya akili ya mtoto na malezi ya mama. Ripoti hiyo ilisaidia kuboresha huduma za watoto, lakini pia ilichangia kumtwisha mama shaka mpya: tabia yoyote isiyo ya kawaida kwa mtoto ingeweza kusomwa kama kosa lake.

Mwandishi John Collier aliikejeli hali hiyo mapema. Katika hadithi yake fupi Thus I Refute Beelzy (1940), baba anayejiona wa kisasa anamlazimisha mwanawe akane kuwapo kwa rafiki yake, Bwana Beelzy, na mwishowe baba ndiye anayeangamia. Humo rafiki ni mwovu kweli, lakini anayeanza ukatili ni baba.

3.0 Majina Manne ya Chocky

Wyndham alichapisha kwanza kisa hiki kwa umbo fupi mwaka 1963, kisha kama riwaya mwaka 1968, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Msimulizi ni David Gore, baba wa Matthew, mvulana anayekaribia miaka 12 ambaye yeye na mkewe Mary walimuasili. Sheria ya kuasili watoto ilikuwapo Uingereza na Wales tangu 1926, lakini sheria haikuondoa wasiwasi wa moyoni. Matthew anapoanza kubishana na mtu asiyeonekana, Mary anakuwa na hofu kubwa zaidi kuliko mumewe.

Jina la kwanza ni mchezo. Polly, dada yake Matthew, aliwahi kuwa na rafiki aliyeitwa Piff, ambaye aliisumbua familia na hatimaye akatoweka. Wazazi wanatarajia Chocky naye atapita vivyo hivyo. Lakini Piff alimtii Polly, ilhali Chocky anamhoji Matthew. Anataka kujua sababu za kuwapo kwa jinsia mbili, anashangaa namna binadamu walivyoigawa kalenda, na anamfundisha kuhesabu kwa mfumo wa tarakimu mbili.

Jina la pili ni ugonjwa, na ndilo linalowaleta madaktari. La tatu, kupagawa, linatoka kwa daktari mwenyewe: Roy Landis anakiri kwamba watu wa kale wangekuwa na maelezo mepesi kwa hali ya mtoto huyu. La nne, malaika mlinzi, linaletwa na waandishi wa habari baada ya Matthew, asiyejua kuogelea, kumwokoa Polly mtoni.

Majina yote manne yanatoka kwa watu wazima. Maelezo ya Matthew, kwamba Chocky ni Chocky, hayabadiliki tangu mwanzo, na ndiyo yanayothibitika kuwa kweli: Chocky ni akili kutoka sayari nyingine.

4.0 Uovu Unakohamia

Daktari bingwa Sir William Thorbe anamtia Matthew katika usingizi wa hipnosisi, kisha anawatuliza wazazi kwamba hizo ni njozi tu. Muda si mrefu mvulana anatekwa nyara. Anazindukia mahali panapofanana na hospitali, mguu ukiwa umefungwa plasta ingawa haukuvunjika, na anachomwa sindano ili aseme alichofundishwa. Baadaye Chocky anamweleza David, kwa kinywa cha Matthew, kwamba ni uchunguzi wa Thorbe uliofichua thamani ya maarifa hayo, na kwamba hana budi kuondoka ili mtoto awe salama.

Hapa ndipo riwaya inapougeuza utanzu wake. Aliyeogopwa tangu mwanzo anajitoa kwa ajili ya mtoto, na waliodhaniwa kuwa watibabu wanageuka hatari. Stephen King alifuata mwelekeo unaokaribiana na huo katika The Shining (1977), ambamo Tony humwonya mtoto Danny, na tishio linatoka kwa hoteli na kwa baba mzazi.

5.0 Tatizo la Istilahi

Msomaji wa Kiswahili anakutana na suala hili katika lugha yenyewe. Tukisema "rafiki wa kufikirika", tumekwisha kuhukumu kwamba hayupo; tukisema "pepo", tumehukumu kwamba yupo na kwamba anahitaji kupungwa. Aidha, mjadala wa Matthew na baba yake kuhusu iwapo Chocky aitwe kwa kiwakilishi cha kiume au cha kike ungefifia katika tafsiri, kwa kuwa kiambishi "a-" hakitofautishi jinsia. Hata hivyo, kiambishi hicho hicho kinampa Chocky nafsi kamili tangu sentensi ya kwanza, jambo ambalo watu wazima wa riwaya hii wanachelewa mno kumpa.

6.0 Hitimisho

Mwaka 2004 Marjorie Taylor na wenzake walionyesha kwamba takribani asilimia 65 ya watoto waliowachunguza nchini Marekani walikuwa wamewahi kuwa na marafiki wa aina hii kufikia umri wa miaka 7. Kilichotazamwa zamani kama dalili kimethibitika kuwa sehemu ya makuzi. Wyndham hakuwa na takwimu hizo, lakini alitambua gharama ya kutomwamini mtoto. Mwishoni Matthew hataki kuivaa medali ya uokoaji kwa sababu sifa si yake, na baba yake anaipeleka ikachongwe upya jina la Chocky. Kwa kitendo hicho David anafanya ambalo madaktari hawakulifanya: anaupokea ushuhuda wa mwanawe kama alivyoutoa.